Alama za Tanganyika Mjini Berlin: Mhadhara wa Wazi



Nimeombwa nizungumzie alama za nchi yetu katika mji wa ugenini, nami nimeuchagua Berlin. Tangu mwaka 1885 hadi Vita Kuu ya Kwanza, amri nyingi kubwa zilizohusu ardhi, kodi na uhai wa babu zetu wa bara zilitoka katika mji huo, na shehena nyingi zilizochukuliwa kwetu ziliishia huko. Mtanzania anayetembea Berlin akiwa na macho ya historia hukutana na nchi yake kwenye kona za mitaa, ndani ya makumbusho, na hata chini ya nyayo zake.

Hoja yangu naitoa mapema ili mnipime kwayo. Berlin ina vitu vyetu, lakini majina ya wenye vitu hivyo, na habari zao, kwa sehemu kubwa tunayo sisi huku nyumbani. Kitu kisicho na jina hakina pa kurudi. Kwa hiyo kazi ya kuvirudisha nyumbani vilivyo vyetu inaanzia kwetu, katika vijiji vyetu, na kwa lugha yetu.

Mtaa wa Wilhelmstraße

Tuanze katikati ya mji, katika mtaa wa Wilhelmstraße. Katika nyumba namba 77, iliyokuwa jumba la Kansela Otto von Bismarck, wajumbe wa mataifa 14 walikutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye kikao. Tumezoea kusema kwamba hapo ndipo Afrika ilipokatwa vipande. Kwa kweli mkutano ule ulijishughulisha zaidi na biashara ya mito ya Kongo na Niger, pamoja na kanuni za taifa kutambuliwa na mengine linapotwaa eneo la pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya mataifa mawili mawili.

Siku ya kukumbukwa zaidi na sisi ni ile iliyofuata. Tarehe 27 Februari 1885, wajumbe wakiwa wametia saini zao jana yake tu, Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliipa jumuiya ya ukoloni ya Mjerumani Carl Peters barua ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Barua hiyo ilisimama juu ya karatasi za mikataba na watawala wa huko, ambazo Peters alizikusanya kwa majuma machache tu mwishoni mwa mwaka 1884. Kila aliyesoma historia shuleni analijua jina la Mangungo wa Msovero, mmoja wa watawala hao, na mpaka leo Bungeni na magazetini mkataba wa hasara huitwa mkataba wa Mangungo. Mimi naomba tumtendee haki mzee huyo. Aliwekewa mbele yake maandishi ya lugha asiyoijua, juu ya jambo ambalo katika sheria za kwao halikuwezekana, yaani kumpa mgeni nchi nzima milele. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alipopinga, mwezi Agosti 1885 manowari tano za Wajerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali.

Jumba lile halipo tena, kwa kuwa liliangamia kutokana na Vita Kuu ya Pili. Leo pana majengo ya makazi, na kando ya njia kumewekwa ubao wa maelezo. Mtu akipita kwa haraka hatauona. Ni alama ndogo mno kwa jambo lililobadilisha maisha ya watu wengi kiasi hicho.

Majina ya mitaa

Kaskazini mwa mji, katika eneo la Wedding, liko kundi la mitaa liitwalo Mtaa wa Kiafrika. Ukishuka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Afrikanische Straße, utasoma vibao vyenye majina ya Sansibar, Tanga na Usambara, pamoja na Togo, Kameruni na Windhoek. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alitaka kujenga huko bustani ya kuonyesha wanyama na watu kutoka makoloni, na vita vya mwaka 1914 ndivyo vilivyomzuia. Mpango wenyewe haukuwa jambo geni, kwa sababu mwaka 1896, katika bustani ya Treptow, watu 106 walioletwa kutoka makoloni ya Ujerumani walikuwa wameonyeshwa kwa umma, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Mtaalamu Felix von Luschan alitumia nafasi hiyo kuwapima miili na vichwa. Jina hilo la Luschan tutakutana nalo tena.

Humo Wedding ilikuwamo barabara iitwayo Petersallee, iliyopewa jina hilo mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters. Huyu ndiye ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Alipokuwa Kilimanjaro aliwanyonga kijana Mabruki na msichana Jagodja, na mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi. Utawala wa Hitler ukamsafisha na kumfanya shujaa. Mwaka 1986 mji ulitangaza kwamba barabara ile sasa inamkumbuka Peters mwingine, Hans Peters, aliyewapinga Wanazi. Kibao hakikubadilika, na kwa mwananchi wa Kiafrika aliyepita pale, jina lilikuwa lile lile.

Walioshikilia kwamba hiyo haitoshi walikuwa wengi, na mmojawao ni Mtanzania, Mnyaka Sururu Mboro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefika Ujerumani mwaka 1978 kusomea uhandisi. Yeye na wenzake wa shirika la Berlin Postkolonial waliandika barua, waliandamana, na kwa miaka mingi waliwatembeza wenyeji na wageni katika mitaa hiyo wakiwasimulia kilichofichwa na vibao. Mwezi Agosti 2024 Petersallee ilikufa rasmi. Sehemu moja sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa akipinga ubaguzi, na sehemu ya pili inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya babu zetu dhidi ya Wajerumani, ambavyo nitavifikia punde.

Katika eneo la Neukölln nako kulikuwa na Wissmannstraße, mtaa wa Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani na ambaye katika vita vyake kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tangu mwaka 2021 mtaa huo ni Lucy-Lameck-Straße. Bibi Lucy Lameck, aliyezaliwa Njoro karibu na Moshi mwaka 1934, ndiye mwanamke wa kwanza wa nchi hii kufika ngazi ya uwaziri serikalini. Nawauliza vijana mlio hapa: wangapi kati yenu mnamfahamu? Mtoto wa Berlin analiandika jina lake kwenye anwani ya nyumbani kwao. Sisi tulio wananchi wenzake tusiwe nyuma ya mtoto huyo.

Mifupa ya Tendaguru

Alama yetu kubwa kuliko zote mjini humo iko katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Ukiingia ukumbi wa kwanza unakutana na mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa, kimo chake mita 13.27, na hakuna mifupa mingine ya dinosaria duniani iliyosimamishwa kwa urefu huo. Mfupa mmoja tu, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa zaidi ya mita 2. Ukisimama chini yake inakubidi uinue shingo mpaka iume ndipo ukione kichwa. Mnyama huyu alitoka Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi.

Wenyeji wa huko walikuwa wakiijua mifupa hiyo kabla ya mgeni yeyote. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alionyeshwa, akapeleka habari kwao. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakafanya uchimbaji mkubwa, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig.

Itazameni miaka hiyo kwa makini. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 na vikaisha mwaka 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa walifika 300,000. Lindi na nchi ya Wamwera zilikuwa ndani ya moto huo. Kwa hiyo watu walioshika majembe Tendaguru mwaka 1909 walikuwa wametoka vitani miaka miwili tu nyuma. Nyumba zao zilikuwa zimechomwa, na kodi ilikuwa inawasubiri. Mwaka kazi ilipokuwa nyingi kabisa walikaribia 500, na wengi walikuja na wake zao na watoto wao.

Walichimba, wakapaka mifupa udongo na plasta, wakaifunga kwa mianzi. Mifupa mikubwa ilikatwa vipande, au ilining'inizwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu kadhaa. Iliyobaki ilikwenda kichwani au begani, kwa miguu, mwendo wa siku nne hadi Lindi, halafu wakarudi kuchukua mingine. Hivyo ndivyo zaidi ya tani 200 zilivyoshuka hadi bandarini. Hapakuwa na reli wala gari, na wanyama wa mizigo wasingeweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Utukufu wa ukumbi ule wa Berlin umebebwa na shingo za watu wa Kusini.

Msimamizi mkuu wa wafanyakazi alikuwa Boheti bin Amrani. Alijifunza kuitambua mifupa ndani ya mwamba, kuisafisha na kuihifadhi, hata kazi ngumu zikawa zinaachwa mikononi mwake. Wanyama waliotoka ardhini walipewa majina ya Kilatini, na mmoja alipewa jina la kamanda von Lettow-Vorbeck, aliyepigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilichukua mpaka mwaka 2007 ndipo mwanasayansi mmoja alipompa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Karibu karne nzima ilipita. Nami nasema wazi kwamba jina hilo lilistahili kuanza kutamkwa katika shule za Lindi kabla halijatamkwa katika maabara za Berlin.

Walimu wetu wa Kiswahili

Siyo mifupa tu iliyosafiri. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, mahali walipofundishwa maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea makoloni. Kiswahili kilifundishwa humo, na pamoja na maprofesa wa Kijerumani waliajiriwa walimu ambao Kiswahili ni lugha yao. Mmoja alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja. Mwingine alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwaka 1869, na kufika Berlin mwaka 1900.

Mwalimu Mtoro ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Ndani yake mna habari za kuzaliwa na kufa, ndoa, jando, ngoma, kilimo, deni na sheria za watu wa pwani ya Mrima, zilizosimuliwa kwa Kiswahili safi na mtu wa ndani. Jalada lilibeba jina la mhariri, Carl Velten, na kwa muda mrefu wasomaji walikitaja kitabu kana kwamba Velten ndiye aliyekitunga. Hakuna mtafiti wa maisha ya pwani anayeweza kukiruka.

Maisha yake yanatuonyesha gharama ya elimu hiyo. Baadhi ya wanafunzi Wajerumani hawakustahimili kufundishwa na Mwafrika, wakamtukana. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani, lakini serikali ya koloni ikakataa katakata kumruhusu ateremke akiwa na mke wa Kizungu. Mwandishi wa kitabu cha desturi za Waswahili akazuiwa kukanyaga nchi ya Waswahili. Walirudi Ujerumani, akaishi huko mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Kiswahili kinaendelea kufundishwa katika vyuo vya mji huo, katika njia aliyosaidia kuifungua yeye.

Jiwe la Brunnenstraße

Sasa twendeni Brunnenstraße, nyumba namba 193. Hapo mbele ya mlango, katikati ya mawe ya njia ya waendao kwa miguu, kuna kijiwe chenye bamba la shaba, sentimita 10 kwa 10 hivi. Msanii Gunter Demnig alianzisha mtindo wa kuweka vijiwe kama hivi mbele ya nyumba walizokaa watu waliodhulumiwa na Wanazi. Hiki kiliwekwa mwaka 2007 kwa ajili ya mtoto wa Dar es Salaam. Maandishi ni madogo, na mtu akitaka kuyasoma lazima ainame.

Alizaliwa mwaka 1904, akapewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la Wajerumani, na katika Vita Kuu ya Kwanza mtoto huyu alitumikia jeshini pamoja na baba yake, akiwa na umri wa miaka 10 tu vita vilipoanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin na kudai mishahara ya askari ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akanyimwa. Akabaki mjini, akifanya kazi ya kuhudumia wateja katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akiwasaidia wanafunzi wa chuo kikuu kutamka Kiswahili, na akiigiza katika filamu. Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya kumsifu Carl Peters, iliyotoka mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Ninaposimulia habari hii mbele ya Watanzania, mara nyingi nakuta hawajaisikia kabisa. Tunaposoma habari za kambi za Wanazi tunadhani ni habari za watu wengine. Wetu naye alikuwemo, na alitoka katika mji huu wa Dar es Salaam ambao mamilioni wanauita nyumbani.

Waliolala kwenye makabati

Nimelichelewesha jambo zito kuliko yote. Felix von Luschan, yule aliyewapima watu kule Treptow, alikusanya maelfu ya mafuvu ya vichwa. Maofisa, madaktari na wasafiri walimpelekea kutoka makoloni, mengine yakiwa yamefukuliwa makaburini, mengine yakiwa ya watu walionyongwa. Mwaka 2011 sehemu kubwa ya mkusanyo huo ilihamia mikononi mwa Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Watafiti walichunguza mafuvu 1,135 ya kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani na majirani zake. Waliona kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Hawa 202 walikuwa watu. Kila mmoja alikuwa na mama aliyemzaa na kaburi aliloandaliwa au alilonyimwa.

Wazee wa Kilimanjaro wanaijua habari hii tangu zamani. Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akazidiwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake 18. Ukoo wake umesimulia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mzee Mboro ameeleza hadharani kwamba alipokuwa akiondoka kwenda masomoni, bibi yake alimwagiza akakitafute kichwa cha Mangi.

Mwaka 2023 wakfu huo ulitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba. Mafuvu machache ya kutoka Kilimanjaro yalilinganishwa na mate ya watu wa koo zilizojitolea. Matatu yalipata jamaa zao walio hai. Moja lilikuwa na neno "Akida" juu yake, na vinasaba vilithibitisha kwamba ni la Akida, mshauri wa karibu wa Mangi Meli, ambaye wajukuu zake wapo. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe bado kinatafutwa.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Maabara ya Berlin ilikuwa na fuvu na neno moja. Isingeweza kwenda mbali bila familia ya Kilimanjaro iliyokuwa inajua Akida ni nani, alimtumikia nani, alikufaje na uzao wake uko wapi. Kumbukumbu iliyotunzwa kwa mdomo, kizazi baada ya kizazi, ndiyo iliyofungua mlango, na sayansi ikaja kuithibitisha.

Kazi iliyo mbele yetu

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji. Ni jambo kubwa, nami nalipokea kwa moyo. Mwaka 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, lilirudi Kalenga, miaka 35 baada ya mkataba wa Versailles kuamuru lirudishwe. Tuliwahi basi kurudishiwa, na tuliwahi pia kungojeshwa. Tusingoje tena tukiwa tumekaa.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kufuata. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi za wazee walioviona Vita vya Maji Maji au waliosimuliwa na waliopigana. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele katika kazi ile. Wazee wale wote wametangulia mbele ya haki, lakini maneno yao tunayo, na bila wao tungekuwa na ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Nawaomba wanafunzi wa historia warudi tena vijijini, safari hii wakiwa na orodha za Berlin mikononi. Waende Lindi waulize koo zilizochimba Tendaguru. Waende Bagamoyo waulize ukoo wa Mwinyi Bakari. Waende Songea, Old Moshi na Meru. Nyaraka za Kijerumani zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam zisomwe na vijana wetu waliojifunza Kijerumani kwa bidii, na yaliyomo yaandikwe kwa Kiswahili ili mwenye kitu aweze kusoma habari ya kitu chake. Na Berlin nayo, tunapoidai, tuidai orodha kamili, kwa lugha tunayoielewa, iwafikie wananchi bure.

Katika mitaa ya Berlin, Peters na Wissmann wameshapisha njia. Kilichowaondoa ni watu wachache waliolijua jina sahihi na wakakataa kunyamaza. Majina sahihi yaliyobaki wanayo wazee wetu, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Twendeni tukawasikilize sasa.